Aliyeshindwa Kura za Maoni Aende Wapi?

Kila unapokaribia uchaguzi, vyama hufanya kura za maoni, na kila baada ya kura hizo hubaki watu wawili: aliyeshinda na aliyeshindwa. Aliyeshinda tunamwona jukwaani akishikwa mkono na kuinuliwa juu. Aliyeshindwa, hata kama amekuwa mbunge kwa miaka kumi, huambiwa avunje kambi yake na amuunge mkono mwenzake. Wapiga kura waliomtaka yeye nao huambiwa wanyamaze pamoja naye. Hapo ndipo lilipo swali ninalotaka tulitafakari: mwakilishi ni wa nani? Ni wa chama kilichompitisha au ni wa watu waliomtuma?

Wenzetu wa Marekani walijibu swali hili mbele ya macho ya dunia mwaka 2006. Joe Lieberman alikuwa seneta wa jimbo la Connecticut tangu 1989, na mwaka 2000 chama chake cha Democratic kilikuwa kimemsimamisha kugombea umakamu wa rais. Lakini aliunga mkono vita vya Iraq, na wanachama wengi hawakumsamehe. Tarehe 8 Agosti 2006 walimwangusha katika mchujo, wakamchagua Ned Lamont. Lieberman hakurudi nyumbani. Aligombea nje ya chama chake, na mwezi Novemba wananchi wote wa jimbo, si wanachama peke yao, wakamrudisha kwa karibu nusu ya kura dhidi ya asilimia 40 hivi za Lamont. Huko bungeni aliendelea kukaa na wenzake wale wale wa Democratic.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Yalitokea hapa kwetu kabla hata ya Uhuru. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikuwa na viti 71 vya kuchaguliwa. TANU ilipata 70, na 58 kati ya hivyo ilivipata bila kupingwa. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, wilaya iliyokuwa katika Jimbo la Kaskazini ambalo makao yake yalikuwa Arusha. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU, alisimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama, akamshinda. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU wala Uhuru. Walichokataa ni kuchaguliwa mtu wa kuwasemea. Nchi haikugawanyika kwa sababu hiyo, na Uhuru ulipatikana mwaka uliofuata.

Mlango huo ulifungwa mwaka 1965 tulipoingia katika mfumo wa chama kimoja. Hata hivyo, haki itendeke: ndani ya mfumo ule mpiga kura aliachiwa kidirisha. Chama kiliteua wagombea wawili kwa kila jimbo, mmoja alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, na mwananchi akaamua. Mwaka huo huo hata Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliangushwa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 wengi tulitumaini kwamba kidirisha kitakuwa mlango. Badala yake sheria ilisema kila mgombea lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho.

Mchungaji Christopher Mtikila hakukubali. Alifungua kesi Dodoma mwaka 1993, na Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akaamua kwamba mwananchi ana haki ya kugombea bila chama. Kabla wino haujakauka, Bunge lilibadili Katiba na kuizuia haki hiyo. Mtikila alirudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Tarehe 17 Juni 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikautengua. Ilisema hilo ni jambo la Bunge.

Kesi hiyo ikapanda hadi kwetu Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania imevunja haki za raia kwa kuzuia wagombea binafsi, ikaiagiza Serikali irekebishe sheria. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015 bila kuona agizo hilo likitekelezwa. Uchaguzi wa mwezi huo, na ule wa 2020, ulifanyika kwa utaratibu ule ule.

Na mto ukizibwa hutafuta njia nyingine. Edward Lowassa, mbunge wa Monduli kwa miaka 20, alikatwa na CCM mwezi Julai 2015 katika kinyang'anyiro cha urais. Kwa kuwa hakuweza kusimama kwa jina lake, alihamia CHADEMA, chama kilichokuwa kimemsema vibaya kwa miaka mingi, akapata kura zaidi ya milioni sita. Machi 2019 alirudi CCM. Simlaumu marehemu. Ninachosema ni kwamba sheria inayomlazimisha mtu avae shati la mwenzake ili agombee haijengi vyama imara. Inavifanya vyama kuwa nyumba za kupanga.

Wapo wanaohofu kwamba wagombea binafsi wataleta ukabila na fujo. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini ukabila waweza kuingia hata ndani ya kura za maoni, na fedha pia. Kenya imeruhusu wagombea binafsi katika Katiba yake ya 2010, kwa sharti kwamba mtu awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mwaka 2017 William Kabogo, gavana wa Kiambu, alishindwa mchujo wa chama chake, akagombea binafsi, akashindwa tena. Yeye alijibiwa na wananchi wenyewe, na mambo yakaisha.

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tuna sababu yetu ya kulikumbuka jambo hili. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, walichanga fedha zao na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, akawasemee. TANU ilikuwa haijazaliwa. Alikwenda kwa sababu majirani zake walisema, “Nenda wewe.” Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini dunia ilijua kwamba wana sauti. Chama ni chombo kizuri cha kukusanya sauti hizo. Chombo hakipaswi kumwambia mwenye sauti anyamaze.