Mita 60 za Ufuo wa Ziwa

Ndugu msomaji, wewe uliyelelewa pwani umezoea bahari inayojaa na kupwa kila siku, na hata mtoto wako anajua maji ya bamvua yatafika wapi. Ziwa Viktoria nalo lina kujaa na kupwa kwake, ila huchukua miaka mingi, hata watu wakasahau. Na katika kusahau huko ndiko ulikoingia ugomvi wa viwanja vya Mwanza.

Mwishoni mwa mwaka 1961 ilinyesha Afrika Mashariki mvua isiyokuwa na mfano. Ziwa hili, ambalo ukubwa wake ni takriban kilometa za mraba 68,800, hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Naili pale Jinja. Basi likapanda, na kufikia 1964 lilikuwa limezidi kwa mita mbili na zaidi. Baadaye likaanza kurudi pole pole. Mwaka 2006, kwa ukame na kwa maji mengi kuachiwa kwenye mabwawa ya Jinja, likashuka mno, ikatokea nchi kavu mpya. Na Mwanza ni mji wa majabali. Ardhi tambarare huko ni mali.

Sharia ya serikali ilikwisha kulitazama jambo hili. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilizitaja mita 60 za kando ya ziwa, mto na bahari miongoni mwa ardhi ya hatari, na Sheria ya Mazingira ya 2004 ikakataza ndani yake shughuli za kudumu. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwenye jengo husema: hati ninayo, na kodi nalipa. Mvuvi naye, atautia wapi mtumbwi wake ikiwa mwalo wenyewe umo ndani ya hizo 60?

Huenda ukadhani haya ni mambo ya wazungu. Sivyo. Mafakihi waliyajua zamani kwa jina la harimu: eneo la kando ya kisima au mto ambalo mtu hawezi kulimiliki kwa kulihuisha. Majalla ya Waturuki, iliyoandikwa kwa madhehebu ya Hanafi katika karne ya 19, ilikipa kisima dhiraa 40 kila upande. Ama Mashafii, nao ndio madhehebu yetu ya pwani, hawakushikilia hesabu. Walitazama haja na ada ya mahali.

Mimi naona Mashafii wamelenga zaidi. Penye jabali lililosimama, mita 60 ni nyingi kupita kiasi. Penye ufuo uliolala, maji yakipanda mita mbili huenda yakazipita zote 60. Tena zipimwe kutoka wapi, na ufuo wenyewe hutembea? Aliyepima 2006 alipima kutoka ziwa lililopwa.

Mwaka 2020 ziwa likafikia kimo cha 1964 na kukizidi kidogo, na Mei 2024 likapanda zaidi ya hapo. Majumba na mialo ikaingiliwa na maji, na wengi walionunua hawakuwa wameambiwa neno. Kumficha mnunuzi aibu ya kitu, ndugu msomaji, unajua hukumu yake. Na habari haikuwa mbali: kijana wa miaka 20 aliyeyaona maji ya 1964, mwaka 2006 alikuwa mzee wa miaka 62 tu.