Hesabu Yenye Doa

Msomaji, yamkini hujapata kuuona mchezo wa besiboli, kwani katika nchi yetu hauchezwi sana. Huko Marekani ni mchezo wa tangu zama za mababu. Mrushaji hutupa mpira kwa kasi kubwa, naye mpigaji huungoja na gongo lake. Na ukipigwa hata ukavuka ua wa kiwanja, mpigaji huzunguka vituo vyote asizuiwe na mtu. Pigo hilo na tuliite pigo la kuvusha. Wamarekani huyahesabu mapigo hayo kama bahili ahesabuvyo fedha zake.

Babe Ruth alipata mapigo 60 katika mwaka 1927. Roger Maris akafika 61 mwaka 1961, na hapo rekodi ikakaa miaka 37. Kisha ghafula, baina ya 1998 na 2001, hesabu ya Maris ilipitwa mara sita na watu watatu tu! Mark McGwire alipata 70 mwaka 1998, na Barry Bonds 73 mwaka 2001. Watu wakaanza kunong'ona juu ya dawa za kukuza misuli. Januari 2010 McGwire alikiri kwa kinywa chake kwamba alizitumia, hata katika mwaka ule wa sifa zake. Bonds alikana kuzitumia kwa kujua. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2011 kwa kuzuia haki, lakini hukumu hiyo ikatanguliwa mwaka 2015.

Je, rekodi zao zifutwe?

Huenda utasema, "Zifutwe mara moja, mbona Ben Johnson alinyang'anywa nishani huko Seoul mwaka 1988?" Swali ni la haki. Lakini angalia tofauti. Mbio za mita 100 ni jambo la sekunde chache, na Johnson alipoondolewa, Carl Lewis aliyekuwa wa pili alipanda mahali pake, mambo yakaisha. Pigo la besiboli limefungamana na mengine mengi. Ukilifuta, utafuta na ushindi wa timu siku ile? Na huyo mrushaji, je, yeye alikuwa safi? Ripoti ya George Mitchell ya Desemba 2007 iliwataja warushaji pia. Tena, wakuu wa mchezo walizikataza dawa hizo kwa waraka mwaka 1991, ila hawakuanza kuwaadhibu waliopatikana nazo katika vipimo mpaka mwaka 2004. Aliyeweka sheria bila mlinzi anayo sehemu yake katika kosa.

Wala usidhani kwamba hesabu za kale hazina doa. Ruth hakupata kukabiliwa na mrushaji mweusi hata mmoja katika ligi yake, kwa kuwa watu weusi walifungiwa mlango mpaka Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Mwaka 2024 ndipo hesabu za ligi za watu weusi zilipounganishwa na zile kuu, na Josh Gibson, aliyekufa mwaka 1947, akawa wa kwanza kwa wastani wa kupiga wa maisha yote.

Lakini yupo mmoja ambaye habari yake hunifanya nisite. Hank Aaron, mtu mweusi mzaliwa wa Alabama, aliipita jumla ya Ruth ya 714 tarehe 8 Aprili 1974, huku akipokea barua za kutishiwa kuuawa. Alifika 755. Jumla hiyo ndiyo aliyoivunja Bonds tarehe 7 Agosti 2007, kisha akamaliza na 762. Ni vigumu kutazama tarakimu hizo mbili na kuziona sawa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, 762 na ibaki kitabuni. Kazi ya kitabu cha hesabu ni kusema lililotokea. Kutoa heshima ni kazi nyingine, nayo yaweza kunyimwa. Waandishi wanaochagua wachezaji wa kuingizwa katika jumba la heshima la Cooperstown walimpigia Bonds kura miaka kumi, mpaka 2022, wala hakupata robo tatu iliyotakiwa. Lakini mpira wake wa 756 umo humo humo Cooperstown. Aliyeununua aliwaachia wananchi wapige kura, nao wakaamua uchorwe alama ya nyota, yaani ile alama ambayo wachapaji huitia penye neno lenye maelezo chini ya ukurasa; na hivyo ndivyo ulivyopokewa mwaka 2008.