Kwa Nini Kinanda cha Ukambani Hulia Kama Bati

Kila wikendi lazima uone klipu moja TikTok: mkutano wa injili kule Kitui, vumbi, honi mbili zimefungwa juu ya mti, na kinanda kinalia kama sufuria imeanguka jikoni. Watu wanacheka. Ati Wakamba hawana masikio. Mimi ni Mkamba wa Makueni, nimepiga kinanda kanisani tangu kidato cha pili, na hiyo stori imenichosha. Ile sauti ina historia yake, na sahii hiyo historia inanihusu kabisa, juu kanisa letu karibu na Wote limechanga pesa ya amplifaya na nusu ya kamati inataka kununua ya gitaa. Ni ya bei nafuu, wanasema. Sauti ni sauti.

Wacha tuanze kabla ya umeme. Ukambani kulikuwa na kilumi, ngoma ya kuita pepo, ikiongozwa zaidi na akina mama. Susu yangu husema kilumi unaisikia tumboni kwanza, masikio baadaye. Kwa hivyo usiniambie sisi hatujui besi. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifungua kituo cha kwanza cha misheni hiyo hapo Nzaui, Makueni ya leo, na Desemba 1896 akafia hukohuko. Mwaka 1903 makao makuu yakahamia Kijabe, lakini kanisa lilibaki na likakua sana. Wamisionari wengi wa enzi hiyo waliona ngoma kuwa mambo ya kipagani. Maana yake ni nini? Besi iliachwa nje ya mlango wa kanisa. Ndani kulibaki sauti za watu, na pale palipokuwa na uwezo, kinanda cha kukanyaga kwa miguu. (By the way, kwa Kiswahili cha zamani cha pwani, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi. Jina lilihama tu.)

Besi ilirudi kupitia kilabu, si kanisani. Miaka ya 70 na 80 ndiyo enzi ya benga ya Kikamba: Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Kalambya Boys. Gitaa mbili, gitaa la besi, drami. Hizo bendi zilijua amplifaya vizuri, lakini za gitaa. Hapo ndipo wazo la "amplifaya ni ile ya gitaa" lilikita mizizi kwa wazee wetu. Siwalaumu. Ndiyo waliyoiona ikifanya kazi.

Kanisani kulikuwa na shida nyingine: stima. Hii sehemu huniuma. Mabwawa ya Mto Tana yalianza kutoa umeme kitambo, Kindaruma mwaka 1968, na Kiambere, lililo mpakani mwa Kitui na Embu, likakamilika 1988. Nyaya zikapita juu ya vichwa vyetu zikielekea mjini. Vijiji vingi vya Kitui na Makueni vilisubiri miaka mingi sana baada ya hapo. Sasa wewe unataka kuhubiri watu mia tatu chini ya mbuyu bila stima. Utafanya nini? Unachukua betri ya gari, volti 12, amplifaya ya Ahuja kutoka India inayokubali betri, na honi.

Honi si kifaa kibaya, wacha niseme ukweli. Kwa nguvu kidogo tu inapeleka maneno mbali kuliko spika ya sanduku. Lakini ilitengenezwa kwa maneno. Chini ya kama hezi 300 inanyamaza taratibu. Sasa sikiza hii: C ya katikati ya kinanda iko hezi 262. Yaani karibu kila kitu unachopiga kwa mkono wa kushoto, honi inakimeza! Unachosikia ni mabaki ya juu ya hiyo noti, na ubongo unajaribu kujazia.

Ukipigia honi miaka kumi utafanya nini? Utapanda juu. Utachagua sauti kali za tarumbeta na nyuzi, utaachana na piano, mkono wa kushoto utakuwa wa kushikilia tu. Kwa maoni yangu, mtindo wetu wa injili wa kinanda cha juu-juu, wenye noti nyingi za haraka, ulikuzwa na honi kiasi fulani. Na vinanda vyenyewe vilisaidia: Casio ilitoa Casiotone 201 mwaka 1980, na kufikia miaka ya 90 vinanda vidogo vya betri vilikuwa vimeshuka bei duniani kote. Kijana angeweza kukibeba kwa bodaboda. Spika ndiyo haikuwahi kufika.

Sasa turudi kwa kamati. Amplifaya ya gitaa haikukusudiwa kusema ukweli. Gitaa ya umeme inaanzia hezi 82, na spika ya gitaa huanza kuchoka ikifika kama 5,000. Inakwaruza sauti makusudi, na mpiga gitaa anapenda hivyo. Amplifaya ni nusu ya chombo chake. Piano inaanzia hezi 27.5, na kinanda cha leo kina drami na matoazi ndani yake yanayopanda mbali kupita hapo. Ukikichomeka kwenye amplifaya ya gitaa, chini kunavuma, juu kunafifia, na ukiongeza sauti sana unaweza kupasua spika. Kinanda kinataka amplifaya isiyoongeza maoni yake: spika kubwa ya inchi 12 au 15 kwa besi, twita kwa juu, na njia kadhaa za kuingiza waya. Kama zile za kinanda ni ghali, spika yenye amplifaya ndani, zile za sherehe na mikutano, inafanya kazi hiyohiyo. Wati nazo zisikudanganye. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 pekee, tofauti ndogo sana kwa sikio.

Na hata ukinunua poa, paa letu ni mabati. Usielekeze spika juu, na usiiweke kwenye kona, kwa sababu kona inafura besi hadi maneno ya wimbo yanapotea. Iinue ifike usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi. Mwangwi wa ndani ya kinanda, zima, bati litakupa wa bure. Waya moja tu? Chomeka kwenye tundu lililoandikwa L/Mono, maanake ukitumia la kulia peke yake unapoteza nusu ya piano. Sauti ya kinanda iweke kama robo tatu, halafu ndiyo upandishe amplifaya polepole. Washa kinanda kwanza, amplifaya mwisho; kuzima ni kinyume chake, ama utasikia mlipuko ambao wamama wa mstari wa mbele hawatakusamehe.

Nimewaambia kamati: elfu chache tunazookoa kwa amplifaya ya gitaa zitalipwa na watoto wanaojifunza sasa. Kuna msichana wa darasa la nane pale kwetu ambaye mkono wake wa kushoto ni moto, na Jumapili hakuna anayeusikia.

Kama wewe pia unatumwa dukani, beba kinanda chako mwenyewe, usikubali cha duka. Anza na noti ya chini kabisa, piga moja moja ukipanda, sauti ikiwa ya kiwango cha ibada. Ukiona meza inatetemeka lakini huwezi kuniambia hiyo ni noti gani, shukuru mwenye duka, beba kinanda chako, ingia duka linalofuata.