Santuri za jazz: zinavyosomwa, zinavyosikilizwa na zinavyotunzwa

Baada ya kipindi chetu cha zilipendwa, msikilizaji mmoja alitupigia simu. Marehemu baba yake aliacha sanduku la santuri, na baadhi zimeandikwa "Jazz" kwenye lebo. Aliuliza: ni za kutupa, au bado zina kazi? Jibu fupi ni kwamba usitupe. Jibu refu ni hili hapa.

Jazz ni muziki wa namna gani?

Jazz ilizaliwa na Wamarekani weusi katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Moyo wake ni kubuni papo kwa papo: bendi inashika wimbo mmoja, kisha kila mpigaji anapewa nafasi ya kuutembeza anavyojisikia. Ndiyo maana wimbo uleule ukirekodiwa mara mbili unatoka tofauti, na ndiyo maana shabiki wa jazz hujali sana anasikiliza rekodi ipi.

Santuri ya kwanza ya jazz ilitoka mwaka 1917. Waliorekodi ni Original Dixieland Jass Band, bendi ya wazungu, ingawa muziki wenyewe waliuanzisha weusi. Kuanzia 1925 mpiga tarumbeta Louis Armstrong alirekodi na kundi lake la Hot Five, na santuri hizo zinasikilizwa mpaka leo.

Spidi tatu za kujua

Sauti ya santuri imechongwa kwenye mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni kwenda katikati. Sindano ikipita humo inatikisika, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti.

Mizunguko 78 kwa dakika: hizi ndizo za zamani zaidi. Nyingi zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu mgumu unaotokana na wadudu. Ni nzito, zinavunjika kama sahani ya udongo, na upande mmoja huchukua kama dakika tatu tu.

Mizunguko 33 na theluthi moja: ni santuri kubwa za plastiki ya vinaili, zilizoletwa na kampuni ya Columbia mwaka 1948. Upande mmoja huchukua dakika 20 na zaidi.

Mizunguko 45: ni ndogo, zilianza mwaka 1949, na mara nyingi zina wimbo mmoja kila upande.

Santuri kubwa iliwafungulia mlango wanajazz. Mtu aliyekuwa analazimika kumaliza ndani ya dakika tatu sasa aliweza kupiga hata robo saa. John Coltrane alipoingia studio Desemba 1964 kurekodi A Love Supreme, alitengeneza kazi moja yenye sehemu nne inayojaza santuri nzima. Haikukusudiwa ikatwe vipandevipande.

Mashabiki huambiana nini?

Mashabiki wa jazz wana desturi ya kuambiana wanasikiliza santuri gani kwa wakati huo. Japani desturi hii ilipata nyumba yake. Kule kuna migahawa ya kahawa iliyofunguliwa kwa ajili ya kusikiliza jazz tu. Mmoja wa ile ya mwanzo, Chigusa, ulifunguliwa mjini Yokohama mwaka 1933. Baada ya Vita Kuu ya Pili, santuri za kutoka nje zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Basi mtu alinunua kikombe kimoja cha kahawa, akakaa kimya na kusikiliza. Baadhi ya migahawa ilikataza kabisa mazungumzo. Jalada la santuri iliyokuwa ikipigwa lilisimamishwa mahali ambapo wote wanaliona.

Shabiki akikutajia santuri yake, hataishia kwenye jina la mwanamuziki. Atataja kampuni, namba ya santuri, mwaka, na nani walipiga ala gani. Mwenye jicho kali atainamisha santuri kwenye mwanga asome alama zilizo karibu na lebo, pale mfereji unapoishia. Kwenye santuri za Blue Note, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1939, hutafuta herufi RVG au jina Van Gelder. Huyo ni Rudy Van Gelder, fundi sauti aliyeanza kurekodi sebuleni kwa wazazi wake, New Jersey. Hutafuta pia alama ndogo inayofanana na sikio. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Plastylite, kilichochapa santuri za Blue Note hadi 1966, na humwambia kwamba aliyoishika ni toleo la zamani.

Je, huku si kujitafutia kazi? Tazama Kind of Blue ya Miles Davis, ya mwaka 1959, mojawapo ya santuri za jazz zilizouzwa zaidi duniani. Siku ya kwanza ya kurekodi, mashine moja ilikuwa inaenda polepole kidogo. Mkanda wake ulipopigwa kwa spidi sahihi, nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka haraka na juu kuliko zilivyopigwa studio. Mwanafunzi wa tarumbeta aliyejaribu kupiga pamoja na santuri hiyo aliona haviendani. Kasoro hiyo ilikuja kurekebishwa mwaka 1992, kwa kutumia mkanda wa akiba. Kwa hiyo kuuliza "una toleo lipi?" ni swali lenye maana.

Santuri zilizoponea mikononi mwa watu

Kati ya 1943 na 1949 jeshi la Marekani lilitengeneza santuri za bure kwa ajili ya askari wake, zikiitwa V-Disc. Wanajazz wakubwa walirekodi bila malipo, kwa makubaliano kwamba hazitauzwa. Mpango ulipokwisha, sahani mama na akiba zilizobaki ziliamriwa ziharibiwe. Sehemu ya muziki ule tunao leo kwa sababu kuna askari waliorudi na santuri kwenye mabegi yao na kuzihifadhi.

Na "Jazz" ya kwetu?

Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz hazikupiga jazz ya Marekani. Jina lilimaanisha bendi ya kisasa ya kuchezesha watu. Mapigo mengi yalitoka Cuba, kupitia santuri za 78 za mfululizo wa GV zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi kwenye santuri ndogo za 45. Inawezekana iliyomo kwenye sanduku lako ni miongoni mwa chache zilizobaki.

Ukiwa nazo nyumbani

Zisimamishe wima kama vitabu. Ukizilaza moja juu ya nyingine, za chini zitapinda au kuvunjika.

Ziweke mbali na jua, moto na bati la paa. Vinaili hupinda kwa joto. Ziinue kutoka sakafuni, maana mchwa huanza na majalada.

Shika ukingo na lebo. Usiguse mifereji.

Osha kwa maji safi na sabuni kidogo sana, suuza, kisha futa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko. Usiloweshe lebo. Santuri ya 78 usiisafishe kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha shelaki.

Usipige santuri ya vinaili kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Mkono wake ni mzito na sindano ya chuma itakwangua mfereji mara ya kwanza tu. Gramafoni hiyo ni ya 78, na sindano hubadilishwa kila upande.

Kabla ya kumpa mtu yeyote, piga picha lebo za pande zote mbili kwa simu na uandike namba zake kwenye daftari. Mnunuzi akija na haraka, akataka sanduku zima kwa bei moja bila kulifungua, mwambie arudi kesho.