Iringa: Mji wa Ngome na Ulanzi

Ukitaja mvinyo wa Tanzania, watu wanawaza Dodoma na zabibu zake. Sawa, Dodoma ina chupa na lebo. Lakini shuka Ipogolo wakati wa mvua, panda mlima hadi Iringa mjini, uliza wenyeji wanakunywa nini. Utaambiwa ulanzi, mvinyo wa mianzi.

Historia ya Iringa tuliyosoma shuleni ni ya vita. Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walipokishinda kikosi cha Zelewski. Kalenga, 1894, ngome ilipoanguka. Kisha 1898, Mkwawa alipojiua ili asikamatwe. Hata jina la mji linatokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Mji tunaouona leo waliuanzisha Wajerumani, juu ya kilima, baada ya kuiteka Kalenga.

Yote kweli, ila mji hauishi kwa vita tu. Una chakula chake, una kinywaji chake, na hapo ndipo vitabu vyetu vinaponyamaza.

Ulanzi hauhitaji kiwanda. Mvua zikianza, mianzi inachipua. Mgema anakata ncha ya chipukizi, anatega mbeta, kipande cha mwanzi kinachopokea utomvu. Asubuhi na jioni anarudi kukata tena kidogo ili uendelee kutiririka. Ukiwa mbichi ni mtamu, unaitwa mtogwa. Ukilala unachachuka, unakuwa mkangafu, na huo si wa mchezo! Ukizidi hapo unakuwa mkali wa kukunja uso. Kiangazi kikifika mianzi inakauka, vilabuni watu wanahamia komoni.

Nadhani hii ndiyo sababu ulanzi hauna historia iliyoandikwa. Haukai. Huwezi kuuweka stoo miaka kumi, kwa hiyo hakuna chupa ya zamani ya kuonyesha wala mwaka wa kujivunia. Kumbukumbu yake iko shambani: nani alipanda kichaka kile, nani alikirithi, nani ana ruhusa ya kugema.

Na kichaka chenyewe kina hesabu yake. Chipukizi likigemwa halikui tena kuwa nguzo. Kwa hiyo kila msimu mwenye shamba anaamua: haya nigeme, haya niyaache yawe mianzi ya kujengea au ya kusukia matenga, yale yanayobeba nyanya za Ilula kwenda sokoni.

Siku hizi kuna mshindani mwingine. Kuanzia Mufindi hadi Kilolo watu wanapanda mipaina kwa ajili ya mbao. Siwalaumu, mbao zinasomesha watoto. Ila kichaka kiking'olewa, anayejua kugema naye anakosa wa kumrithisha. Kwa Mkwawa tuna makumbusho pale Kalenga. Kwa mgema tuna wazee wachache, na mvua zijazo ndiyo nafasi ya kwenda kuwauliza.