Shaba na Watu katika Reli ya Kolwezi

Makumbusho ya usafiri aghalabu hukusanya vyuma. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, mgeni huona vichwa vya garimoshi vya mvuke, na pia lile behewa ambamo simba alimkamata na kumuua ofisa wa polisi Charles Ryall huko Kima mwaka 1900. Vitu hivyo vina thamani yake. Hata hivyo, historia ya usafiri wa Lualaba ikipangwa kwa mtindo huo tu, sehemu yake kubwa itaachwa nje ya mlango, nayo ni watu walioletwa na reli, na baadaye wakaondolewa nayo.

Kabla ya reli, shaba na pembe za ndovu zilichukuliwa na wapagazi. Bunkeya, makao ya Msiri hadi alipouawa mwaka 1891, ilifanya biashara na pwani mbili: ya mashariki kupitia Unyamwezi, alikotoka Msiri mwenyewe, na ya magharibi hadi Benguela. Reli ya kwanza ilitoka kusini, Rhodesia, ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1918 ilifika Bukama, na mwaka 1928 kampuni ya BCK ikaiunganisha Bukama na Port-Francqui, yaani Ilebo, ambako mizigo ilihamishiwa katika meli za mtoni. Mwaka 1931 njia ya Tenke hadi Dilolo ilikutana na reli ya Benguela, na kando ya njia hiyo ukaanzishwa mji wa Kolwezi mwaka 1937.

Historia hii huelezwa kama habari ya shaba kutoka. Haina budi kusomwa pia kama habari ya watu kuingia. Union Minière ilitafuta wafanyakazi mbali, Kasai ikiwa miongoni mwa sehemu hizo. Kambini walikutana watu wa lugha nyingi, nao wakaelewana kwa Kiswahili. Kwa wazazi kilikuwa lugha ya kazi. Kwa wengi wa watoto wao kikawa lugha ya nyumbani. Hivyo Kiswahili cha Katanga, kwa kiasi fulani, ni zao la reli.

Vita vya Angola viliifunga njia ya Benguela kwa shaba ya Kongo mwaka 1975, ikalazimika kupita njia ndefu za kusini na mashariki. Lakini msiba mkubwa zaidi haukuhusu shaba. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wao wakiwa wamezaliwa huko huko. Maelfu walipiga kambi vituoni wakingoja treni, na wengine walifia hapo kwa njaa na maradhi. Reli iliyowaleta babu ndiyo iliyowaondoa wajukuu.

Reli ya Benguela, baada ya kukarabatiwa, ilifunguliwa tena hadi Luau mwaka 2015, na tangu 2018 imerudia kupitisha madini ya Kongo. Tani zake zinahesabiwa kwa makini. Masimulizi ya waliongoja vituoni, kwa Kiswahili chao wenyewe, yanastahili kurekodiwa kwa makini hayo hayo, maadamu wasimulizi wangali hai.