PlayStation ya Kaka

Wadau, juzi nilitoka Musoma na PlayStation ya marehemu kaka, nikaipeleka Bunda kwa fundi. Ilikuwa haiwaki. Akaifungua, akapima fyuzi: imekata. Nyuma imeandikwa volti 100, za Japani. Kaka aliichomeka kwenye 230 zetu bila transfoma.

Simlaumu. Enzi zote za urais wa Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, Bara haikuwa na kituo cha televisheni, ingawa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Vyetu vilianza 1994, mwaka uleule Japani ilipotoa PlayStation. Vyote vikatujia kwa mkupuo, bila wa kutuelekeza. Tukajifunza kwa kuunguza.

Fundi kabadili pawasaplai, ikawaka. Kwenye memori kadi ligi ya kaka bado ipo, zimebaki mechi tatu. Naogopa kuzicheza.